Sekunde ya Sita

Keko, Dar es Salaam
12 Machi 1995

Mpwa wangu Talha,

Shikamoo yako nimeletewa na Munira, maana mwenyewe hukuona haja ya kuniandikia. Marahaba. Hapa Keko tupo. Umeme ni wa zamu, ila zamu ya kuwaka haijawahi kuwa yetu. Mvua zimeanza, maseremala wamefunika makabati yao kwa nailoni na barabara nzima inanuka vanishi ambayo haijakauka. Mdogo wako Munira yupo hapa kwangu, ananiandikia vitabu vya hesabu za karakana. Mama yako yuko Bunju, mzima isipokuwa magoti, na hayo magoti ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Anapanda na ndoo kutoka bondeni. Nimeipima njia ile kwa kamba: mita 1,100, na nyumba yake iko mita 38 juu ya kisima. Sasa majirani wamechimba kisima kirefu hukohuko bondeni, mie nimetoa injini ya dizeli ya nguvu ya farasi wanane na pampu, na bomba limeshatandazwa mpaka kwenye tangi lililo nyuma ya jiko lake. Nimewaahidi maji kabla ya Ramadhani. Nimesema mbele ya watu, na unajua sisemi kitu mbele ya watu halafu nikakitafutia maneno.

Shida ni sekunde kumi za kwanza. Bomba limeandikwa bar sita, presha ikizidi hapo linapasuka. Injini ikishika mkanda na valvu ikafunguliwa, maji ya mita 1,100 yanasukumwa kwa mpigo, na presha yote inaegemea kwenye elbo ya chini, pale bomba linapokata kona. Nikifungua haraka, elbo inapasuka. Munira anasema huko unasomea namna ya kuendesha mtambo ndani ya kompyuta kabla haujawashwa. Basi nina swali moja: valvu niifungue kwa sekunde ngapi?

Na kabla hujaniomba: gavana sikupi. Ile mizani ya vyuma viwili inayoongeza na kupunguza dizeli nimeitengeneza upya mwenyewe, na injini yangu haiendi kama injini nyingine ya aina yake. Mwaka juzi ulikuja likizo, ukachora pampu yangu ya mkono ukiwa umekaa kwenye kiti changu, ukinywa chai yangu. Baadaye nikaletewa kitabu cha chuo chenu. Mchoro wangu, jina lako. Mie nimeandikwa "fundi wa mtaani".

Mjomba wako,
Hija


Trondheim
9 Aprili 1995

Kwa Mjomba Hija,

Shikamoo mjomba. Nimefurahi kusikia kuwa mama ni mzima. Huku theluji inayeyuka, barabara zote ni matope, na mie nakohoa tangu Februari. Mwambie Munira picha nimezipata.

Kuhusu kitabu nimeshaeleza mara mbili. Waliohariri si mie.

Swali lako lina jibu, lakini si la bure kama unavyodhani. Programu ya mabomba ni ya chuo, imefungwa, hata mie siioni ndani. Naingiza namba, inatoa namba. Nawe umeifunga injini yako. Basi ipo njia ya kufanya kazi hivyohivyo, nayo ndiyo ninayoiandikia tasnifu. Kila nusu inaendeshwa mahali pake. Baada ya kila hatua ya muda, nusu mbili zinapeana namba, kisha zinaendelea. Wewe nipe mizunguko ya injini kwa dakika. Nitakurudishia mzigo ambao bomba linaiwekea injini hiyo, kwa kilo, kama zinavyoning'inia kwenye mkono wa breki wa mita moja. Unaiwekea injini mzigo huo, unasoma mizunguko mipya, unaniandikia. Sihitaji kumjua gavana wako.

Hatua iwe nusu sekunde.

Talha


Keko
2 Mei 1995

Talha,

Marahaba. Kikohozi cha tangu Februari ukakionyeshe kwa daktari. Mama yako nimemsomea barua yako nikiliruka hilo.

Nimepiga hesabu yako. Sekunde kumi kwa nusunusu ni hatua ishirini. Barua wiki tatu kwenda, wiki tatu kurudi. Hiyo ni wiki 120. Miaka miwili na miezi minne niwangojeshe watu wa Bunju ili pampu iende sekunde kumi? Hatua iwe sekunde mbili, tuzimalize kwa barua tano.

Nimefunga breki kwenye gurudumu la injini, nimening'iniza mizani. Sekunde ya sifuri: mizunguko 850, mzigo hakuna.

Hija


Trondheim
25 Mei 1995

Shikamoo mjomba,

Nimepona. Mama nimemwandikia mwenyewe.

Sekunde mbili ni ndefu. Katika sekunde mbili kila nusu inaishi kwa namba ya zamani ya mwenzake na kudhani bado ni kweli. Nimekwambia, usije ukasema sikukwambia. Lakini mwenye haraka ni wewe.

Kwa mizunguko 850, mzigo ni kilo 5.5.

Talha


Keko
18 Juni 1995

Talha,

Marahaba. Mama yako kapata barua yako, kaifunga kwenye kanga na hataki kuitoa. Kila anayepita anaambiwa mwanangu anapiga hesabu ya maji haya kule ughaibuni. Mie niliyetandaza mita 1,100 kwa mikono ninaitwa "na mjomba wake anasaidia".

Nimeiwekea injini kilo 5.5 kwa sekunde mbili. Imekohoa moshi mweusi, imeshuka. Sekunde ya pili: mizunguko 790.

Hija


Trondheim
12 Julai 1995

Shikamoo mjomba,

Huku jua halizami sawasawa, watu wanakata nyasi usiku wa manane. Sina habari nyingine.

Kwa 790, mzigo ni kilo 4.75.

Tafadhali usichelewe safari hii. Tarehe 20 Agosti nasimama mbele ya maprofesa kuonyesha kazi hii, nami nina sekunde nne tu mkononi.

Talha


Keko
9 Agosti 1995

Talha,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa namuuguza Munira, malaria. Sasa anakula. Maprofesa wako watanisamehe.

Kilo 5.5 kwa sekunde mbili, halafu 4.75 kwa sekunde mbili, kama ulivyosema. Nimerudia mara tatu nisije nikasemwa. Gavana wangu alishaamka, akamwaga dizeli. Sekunde ya nne: mizunguko 880.

Nasubiri.

Hija


Trondheim
14 Agosti 1995

Shikamoo mjomba,

Nawaombea afya nyote, mama hasa.

Mzigo wa sekunde ya nne mpaka ya sita ni kilo 4.06. Mwendo mzima sasa unaonekana, mzigo unapungua kila hatua. Presha kwenye elbo haitavuka bar tano, na bomba lako ni la bar sita. Kwa hiyo swali lako la Machi nimelijibu: fungua valvu kwa sekunde tatu, haina neno. Mama nimemwandikia hivyohivyo ili asiwe na wasiwasi.

Ahsante kwa ushirikiano.

Talha


Keko
17 Septemba 1995

Kwa Talha,

Hatujambo. Kelele za kampeni ni nyingi, kila kona kipaza sauti. Mwandiko huu ni wa Munira, mie nasema yeye anaandika, mkono wangu wa kulia una shughuli nyingine.

Nina maswali, nayo ni ya namba. Yajibu kwa namba.

La kwanza. Barua yangu yenye 880 niliitia posta tarehe 9 Agosti. Jibu lako limeandikwa tarehe 14. Tangu lini barua ya Keko ikafika kwenu kwa siku tano? Nilipaswa kulitazama hilo kabla ya yote, sikulitazama. Hilo ni langu.

La pili. Zidisha mizunguko kwa kilo za breki, gawa kwa 716, unapata farasi. Hii nilifundishwa na Kornelio, fundi aliyenitoa chini ya magari nikiwa na darasa la nne langu. Sekunde ya nne injini yangu ilikuwa na 880. Kwa kilo zako 4.06, nimetoa karibu farasi watano. Farasi anayetoka kwenye injini yangu lazima aingie kwenye bomba lako, hana pa kwenda kwingine, ni mkanda mmoja. Sasa bomba lako lilipokea farasi wangapi? Nimelitafuta hilo kwenye namba zako mwenyewe. Kwa 850 ulinipa 5.5. Kwa 790 ukanipa 4.75. Ukiziangalia vizuri, mzigo wako unafuata mizunguko iliyozidishwa kwa yenyewe. Basi nikarudi kinyumenyume: kilo 4.06 zinatoka kwenye mizunguko mingapi? 730. Hapo bomba lako limepokea farasi wanne na kidogo. Karibu farasi mzima amepotea kati ya karakana yangu na meza yako.

La tatu, na hili ndilo. Mie sijawahi kukuandikia 730. Hakuna barua yangu yenye namba hiyo. Ila 850 kutoa 60 ni 790, na 790 kutoa 60 ni 730. Hukuningoja. Uliichukua rula ukaunyoosha mstari, ukaniletea kama namba ya bomba.

Presha nayo inafuata kanuni hiyohiyo, na kwa 880 si tano. Ni saba na robo. Hilo nalijua bila kompyuta, maana tarehe 10 niliwasha pampu, nikafungua valvu kwa sekunde tatu, na elbo nimeiona ikienda zake.

Swali la mwisho. Barua yangu ya 880 ulikuja kuipata lini, na siku hiyo ulifanya nini?

Hija

Kaka Talha, mjomba kaenda kuswali Alasiri, naandika haraka. Amenikataza hili. Mama alikuwa amesimama palepale kwenye elbo na ndoo, anataka awe wa kwanza kuyasikia maji yakipanda. Mjomba alimwambia asogee, akamjibu, "Mwanangu kaandika tano." Mjomba hakubishana naye tena, alishika valvu. Elbo ilipoanza kulia alimrukia mama akamwangusha upande wa pili, na kipande kikampiga yeye. Kifundo cha mkono wake kimevunjika sehemu mbili. Mama hana jeraha. Barua yako haiko tena kwenye kanga. Munira.


Trondheim
10 Oktoba 1995

Shikamoo mjomba,

Nimeisoma barua mara nyingi. Pole kwa mkono. Kwa nini nikajue kwa Munira kwamba mama alikuwa pale? Mama yangu nusura afe, nawe unaniandikia farasi.

Nakujibu kwa namba kama ulivyotaka. Ndiyo, 730 ni yangu. Zilikuwa zimebaki siku sita nisimame mbele ya watu. Kunyoosha mstari si wizi, mjomba, ni kitu kinachofanywa na kina jina kwenye vitabu. Nusu moja ikichelewa, nyingine inakisia mwelekeo wake na kuendelea. Kosa langu ni kwamba sikukwambia nimekisia. Na mstari ulikuwa umenyooka kwa sababu sikumjua gavana wako. Ungenichorea, ningejua kwamba baada ya kushuka atapanda. Uliificha nusu yako halafu unashangaa kwamba nimeikosea.

Na hatua ya sekunde mbili niliikataa. Ninayo nakala ya barua.

Barua ya 880 niliipata tarehe 30 Agosti. Siku hiyohiyo niliiendesha upya, nikapata kilo 5.9 na bar 7.3. Nilijua. Ulisema kabla ya Ramadhani, nikahesabu bado kuna miezi minne, nikasema nitakuandikia nikishapata maneno ya kukueleza bila kujiaibisha. Nikayatafuta wiki moja na nusu. Yalipopatikana ilikuwa tarehe 10.

Kuna njia moja ya haraka. Nitumie mchoro wa gavana. Nitaziunganisha nusu zote mbili kwenye kompyuta moja, na kwa saa mbili utakuwa na jibu la kweli. Vinginevyo wewe si mtu wa kupima tena kwa mkono huo, na Ramadhani haikungoji.

Maprofesa waliipenda kazi. Nakwambia ili usije ukalisikia kwa mwingine.

Talha


Keko
21 Januari 1996

Talha,

Marahaba. Mkono umefunguliwa mwezi wa kumi na mbili, umeungana ukiwa umepinda kidogo, unaandika kama unavyoona. Munira ameposwa, na mwenyewe atakueleza. Mwezi ukiandama jioni hii, kesho tunafunga.

Mchoro sikutumi. Uliusubiri mpaka nilipovunjika ndipo ukauomba vizuri.

Ila barua yako nimeisoma kama fundi, si kama mjomba. Sekunde mbili zilikuwa zangu, ulinikataza, nakubali. Kosa hilo nimeliandika kwenye daftari la karakana kwa tarehe yake. Lako sijui umeliandika wapi.

Nilipokaa na mkono kwenye bandeji sikuwa na kazi nyingine, nikawaza. Nusu yako sikuwa nayo, lakini namba zako tatu nilikuwa nazo, na kanuni yake nimeshakutolea. Mwezi wa kumi na moja nikanunua bomba la majaribio, hata likipasuka, mita thelathini tu, nikalifunga hapa uani kwenye pampu ndogo. Tukapima mzigo valvu ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja, miwili, mpaka mwisho. Uzito wa maji ya mita 1,100 unajulikana, na ugumu wa kuyaanzisha ni hesabu ya darasani, Munira kaifanya. Yeye akawa bomba. Mie nikaipima injini upya kwa kila nusu sekunde, vijana wa seremala wakishika breki, nikawa injini. Kila mmoja na daftari lake, nimekaa benchi la mlangoni, yeye la ndani, na sikumwonyesha gavana hata yeye.

Nampa mizunguko kwenye kipande cha karatasi. Ananirudishia kilo. Tunapiga farasi pande zote mbili. Farasi wakikataa kulingana, hakuna anayesogea. Namrudishia namba, ananirudishia, mara tatu, mara nne, nusu sekunde ileile, mpaka farasi waliotoka kwangu ndio walioingia kwake. Hapo ndipo tunageuza ukurasa. Anjelina, mama lishe wa jirani, alidhani tunacheza bahati nasibu, akataka aingizwe. Siku mbili, hatua ishirini na nane, mpaka valvu imefunguka yote. Hatukuhitaji posta.

Jibu la swali langu la Machi si sekunde tatu. Ni kumi na nne.

Jana, Jumamosi, niliwasha Bunju. Nilifungua valvu kwa saa mkononi, Munira anahesabu kwa sauti. Saa ya presha kwenye elbo mpya ilipanda mpaka 5.2 ikasimama. Baada ya dakika saba tukasikia watu wa tangini wakishangilia.

Hii hapa sekunde ya sita ambayo huna: mizunguko 838, kilo 3.9, farasi wanne na nusu upande wa injini, wanne na nusu upande wa bomba. Iweke kwenye tasnifu yako mahali pa ile uliyowaonyesha maprofesa, uwaambie ya kwanza ilikuwa ya rula. Na chini yake uandike imepimwa na Hija Mwinshehe na Munira Salum, karakana ya Keko. Ukiandika "fundi wa mtaani" nitajua, kama nilivyojua 730.

Umeniuliza kwa nini sikukwambia mama yako alikuwa pale. Kwa sababu aliniomba nisikwambie. Alisema utaumia huko peke yako na huna mtu. Ndiyo maana nikakuandikia farasi.

Ndoo ya kwanza ameikinga yeye, majirani wote walisubiri. Nilijiandaa kumwambia akae mbali na elbo mpaka presha itulie. Sikuhitaji kumwambia. Alikuwa ameshasimama juu kabisa, kwenye tangi, mita 1,100 kutoka pale, na akamtuma mtoto wa jirani aje kuniuliza namba hii ya leo imepigwa na nani.

Mjomba wako,
Hija